Gitaa Lenye Sauti Kali na Jinsi ya Kulichagulia Pikapu

Nataka kuwaeleza ndugu zangu wanafunzi, hasa wale wa bendi ya shule, jambo lililonitia hasara na aibu kabla sijalielewa. Pikapu nisemayo si gari la kubebea matoke. Ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ambacho hunasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme.

Gitaa lenyewe niliachiwa na kaka yangu mkubwa alipokwenda kufanya kazi ng'ambo. Ni Stratocaster, aina iliyotolewa na Fender kwa mara ya kwanza mwaka 1954, yenye pikapu tatu: moja karibu na shingo, moja katikati, na moja karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Hiyo ya darajani ndiyo yenye maneno. Uzi hutetemeka kidogo sana karibu na mwisho wake, na sauti inayopatikana pale huwa na besi haba na ukali mwingi. Kwa muziki wetu ukali huo si kasoro, kwani mpigaji wa seben asiye na sauti nyembamba iliyo wazi hasikiki mbele ya gitaa la pili na ngoma. Lakini ukali una mpaka. Siku ya wanafunzi wa zamani mwaka 2022, tulipokuwa tukipiga katika ukumbi wa shule, ule wenye paa la bati, nilifikia zamu yangu nikaona mzee mmoja wa mstari wa mbele ametia vidole masikioni. Mwalimu Mkuu akanipungia mkono kwamba nipunguze. Nilipunguza, nikawa sisikiki kabisa.

Basi nikaazimia kununua pikapu nyingine. Nilijinyima miezi kadhaa, nikaenda dukani. Muuzaji akanionyesha moja iliyoandikwa kilo-omu 14, na kwa kuwa ile ya kaka ilikuwa kilo-omu 6 tu, nilidhani nanunua unono zaidi ya mara mbili. Nikaitia. Naam, ukali uliondoka, lakini uliondoka na kila kitu. Gitaa likawa na kelele nyingi na maneno machache; nikipiga nyuzi tatu pamoja zikashikana kama ugali. Mwenzangu wa gitaa la pili akasema hajui tena wapi pa kuingia. Niliiuza kwa nusu ya bei.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa redio. Aliposikia kisa changu akacheka, akasema, "Mwanangu, umenunua dawa kabla ya kupimwa." Yaliyo mengi katika makala haya nimeyapata mezani kwake.

Wanafunzi wa fizikia wanakumbuka kwamba Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kuwa sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Pikapu ni jambo hilo hilo. Vijiti sita vya sumaku vimezungukwa na waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko ipatayo 8,000. Uzi wa chuma uliopata usumaku hutikisika juu yake, na umeme mdogo hutoka. Mizunguko ikiongezeka, nguvu huongezeka. Lakini pia huongezeka kile kiitwacho induktansi, kinachopimwa kwa henri, nacho ndicho kinachoamua sana ukali wa gitaa.

Kila pikapu, pamoja na kebo yake, ina mahali fulani ambapo huinua sauti kuliko pengine, na kupita hapo sauti huanguka. Chukua pikapu ya henri 2.4. Kebo ya mita 5 ina kapasitansi ya pikofaradi 500 hivi. Ongeza 100 za koili yenyewe. Ukifanya hesabu, kilele kinakuwa karibu na mitetemo 4,200 kwa sekunde. Sasa fanya henri ziwe 4.8. Kilele hakishuki hadi nusu, kwa kuwa hesabu hii ina kipeo cha pili. Kinashuka hadi kama 2,970. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi baina ya mitetemo 2,000 na 5,000, kwa hiyo kukisogeza kilele ndani ya eneo hilo ni kubadili tabia yote ya gitaa. Yule mzee wa mstari wa mbele hakuwa mkorofi.

Na zile omu je? Omu zinapima upinzani wa waya, basi. Waya ukiwa mwembamba zaidi, omu huongezeka hata kama mizunguko ni ile ile. Hata joto huzipandisha: pikapu yenye kilo-omu 6 asubuhi penye digrii 20 itasoma karibu 6.23 mchana penye digrii 30, na sauti haijabadilika. Namba hiyo yafaa kulinganisha pikapu mbili za aina moja na waya mmoja. Mbili za aina mbalimbali hailinganishi.

Mzee hakuniruhusu kununua chochote kabla ya mambo matatu. Kwanza tulishusha pikapu kwa bisibisi. Nilikuwa nimeiinua mno upande wa nyuzi nyembamba, nikitaka nguvu. Ukibonyeza uzi penye chuma cha mwisho cha shingo, nafasi kati ya uzi na sumaku iwe karibu milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba na 2.4 upande wa besi. Kisha rekebisha kwa sikio. Sumaku ikikaribia mno huvuta uzi, nao hutoa sauti isiyo yake.

Pili, tulifungua bamba na kutazama vile vizungusho vya sauti. Gitaa hili lilitoka kiwandani na vya kilo-omu 250. Fundi mmoja wa zamani alikuwa ameweka vya 500, ambavyo vinafaa pikapu za koili mbili. Kizungusho cha 250 hukituliza kile kilele. Cha 500 hukiacha kisimame kama mwiba. Tulivirudisha vya 250 kwa bei ya sahani ya chakula.

Tatu ni jambo lililonishangaza. Katika Stratocaster iliyounganishwa kwa desturi ya kwanza, vizungusho viwili vya kupunguza ukali ni vya pikapu ya shingo na ya katikati. Ya darajani, iliyo kali kuliko zote, haina chake! Miaka yote nilikuwa nikizungusha kitu kisichonihusu. Waya mfupi, urefu wa kidole, ukalehemiwa kwenye swichi kutoka sehemu ya daraja hadi ile ya kizungusho cha chini, na shauri likaisha.

Baada ya hayo gitaa lilikuwa limepona, nadhani, robo tatu. Kilichobaki ni wembamba wa pikapu yenyewe ya darajani, na hapo ndipo mzee alipokubali ninunue. Palikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni pikapu ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover wa Gibson na kuiombea hataza mwaka 1955. Koili zake zimepingana, na sumaku zake pia, hata mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao kwetu ni mitetemo 50 kwa sekunde, hujifuta wenyewe huku sauti ya nyuzi ikijumlika. Apigaye muziki wa kishindo, au karibu na taa za mirija, asiidharau. Lakini mimi nilitaka ile sauti ya kudondoa, kila noti na mlango wake, kwa hiyo nilichukua njia ya pili: koili moja, sumaku za aloi ya alumini, nikeli na kobalti, aina ya namba 5, na mizunguko iliyozidi kidogo ile ya zamani, ikisoma kilo-omu 7. Sumaku za namba 2 ni dhaifu zaidi na sauti yake ni laini. Apigaye nyimbo za taratibu aweza kuzipenda. Hizo nyingine mbili, ya shingo na ya katikati, sikuzigusa. Hazikuwa na kosa.

Kabla ya kulehemu, pimeni jinsi pikapu mpya inavyopatana na zile za zamani, maana mbili zikipingana sauti yao ya pamoja huwa tupu kama ya redio ndani ya debe. Tuliazima dira ya chumba cha jiografia kuona sumaku zimeelekea wapi, kisha tukaunganisha mita ya umeme yenye mshale na kugusisha bisibisi juu ya vijiti. Mshale ukiruka upande mmoja kwa zote mbili, ni salama. Pikapu ya katikati ikiwa ya kupinga mvumo, sumaku yake itaonyesha kinyume na za wenzake, msishtuke.

Mwaka 2024 tulipiga tena katika ukumbi ule ule, chini ya bati lile lile. Mzee wa mstari wa mbele alikuwapo. Safari hii mikono yake ilikuwa juu ya mkongojo, na wimbo wa tatu aliinuka akacheza.

Pikapu ya kwanza ya kaka nimeiacha katika maabara ya fizikia, imefunguliwa kifuniko, na waya wake waonekana. Atakaye kuihesabu mizunguko amwombe mwalimu, lakini anawe mikono kwanza, kwani waya huo hukatika kwa kuguswa tu.