Visiwa Visivyo na Bahari

Mwanafunzi akiulizwa kisiwa ni nini, hujibu upesi: nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Kwa mtihani wa Jiografia jawabu hilo latosha. Lakini simama hapa Kawetele asubuhi isiyo na ukungu (nazo ni chache), utazame kaskazini. Mlima Rungwe, karibu mita 2,960 juu ya bahari, umevaa msitu. Chini yake ni migomba, chai na viazi. Kwetu hayo ni mashamba. Kwa mnyama mdogo wa msituni ni bahari.

Mfikirie kirukanjia, yule mwenye pua ndefu ambaye wengi humdhania panya. Si panya. Hula wadudu na nyungunyungu, na kwa kuwa mwili wake mdogo hupoteza joto upesi, hawezi kufunga hata siku moja. Njia huenda ataruka. Nyika kavu haimudu.

Zamani, mvua zilipokuwa nyingi zaidi, misitu ilishuka mabondeni. Ukame ulipozidi ilirudi milimani, na wanyama wakatengana. Vizazi vikapita, kila kundi likibadilika kivyake. Ndiyo sababu virukanjia wa jamii iitwayo Myosorex wana aina yao Uluguru, na nyingine Kilimanjaro, ambayo wataalamu waliieleza mwaka 1956. Mwaka 2000 William Stanley wa makumbusho ya Field, Chicago, pamoja na Rainer Hutterer, walieleza aina ya Udzungwa, wakaiita kihaulei kwa heshima ya Mtanzania, Bwana Kihaule.

Stanley, aliyefariki mwaka 2015, alitumia mtego usio na maajabu: ndoo kadhaa hufukiwa kwa mstari hata midomo yake ilingane na ardhi, na ukuta mfupi wa nailoni hupitishwa juu yake. Kirukanjia hufuata ukuta usiku, akatumbukia. Kisha hupimwa fuvu na meno, maana kwa macho tu aina hizi hufanana mno.

Msitu wa Rungwe, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, bado haujawa kisiwa kamili. Upande wa mashariki ukanda mwembamba uitwao Bujingijila huuelekeza kwenye msitu wa Livingstone. Miti mingi ilikatwa huko, kisha ikaanza kupandwa tena. Kima aitwaye kipunji, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 2003, hukaa pande zote mbili. Naye hupita juu ya miti. Atakayefika Bujingijila likizoni na ahesabu hatua kutoka mti hadi mti, atuletee hesabu.