Kabla ya Kuzindua Blogu au Tovuti: Makosa Yanayowagharimu Wanaoanza

Akina mama wa kikundi kimoja cha kusindika mafuta ya nazi, upande wa Msambweni, walifika ofisini kwetu wakiwa na chupa moja ya mafuta na lalamiko moja. Kwenye lebo ya chupa hiyo, chini ya picha ya mnazi, palikuwa na anwani ya tovuti yao. Mwenyekiti akaniomba niifungue kwa simu yangu. Nikaifungua. Badala ya mafuta ya nazi nikakuta matangazo ya kamari, tena kwa lugha nisiyoifahamu.

"Mwanangu, sisi tulilipa," akasema.

Na kweli walilipa. Kijana wa jirani aliwatengenezea tovuti nzuri miaka miwili kabla. Wakati wa kuisajili aliandika jina lake kama mmiliki na akatumia barua pepe yake mwenyewe, kisha akapata kazi Qatar akaondoka. Ada ya mwaka uliofuata haikulipwa kwa sababu ujumbe wa kukumbusha ulikuwa ukienda kwenye anwani ambayo hakuifungua tena. Jina likaachwa huru na mtu mwingine akalichukua. Kijana hakuwaibia. Tulipompata kwa WhatsApp kupitia kwa mamake, aliomba radhi mpaka akina mama wakaanza kumhurumia. Lakini lebo mia tatu zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, na kila mteja aliyetaka kuagiza mafuta alipelekwa kwenye kamari.

Katika somo la toleo hili tunaangalia makosa ya wanaoanza blogu na tovuti. Nimeanza na kosa hilo kwa sababu ndilo ninalokutana nalo zaidi. Vijana wanaokuja kuomba ushauri huuliza kwanza kuhusu rangi, muundo na pesa za matangazo. Ni wachache wanaouliza hati ya tovuti itakaa kwa nani. Hakuna mtu kwetu anayejenga nyumba akaacha hati ya kiwanja iandikwe jina la fundi mwashi.

Jina ni la nani?

Jina la tovuti, ambalo mafundi huliita kikoa, hulinunui mara moja ukamaliza. Unalikodi, kwa kawaida kwa mwaka mmoja mmoja, na usipolipia upya linaweza kusajiliwa na mtu mwingine yeyote. Majina ya Kenya, yale yanayoishia na .ke, husimamiwa na Kenya Network Information Centre, maarufu kama KENIC, na huuzwa kupitia kwa mawakala wa usajili. Mwisho wa jina una maana yake. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, na mtu binafsi anayeandika blogu yake anaweza kutumia .me.ke. Shule za msingi na sekondari zina .sc.ke. Ule wa .go.ke ni wa serikali pekee, kwa hivyo mtu akikuahidi kukupatia huo kwa ajili ya chama chenu, jihadhari naye.

Unaposajili, sehemu ya mmiliki iandikwe jina lako au la kikundi. Kikundi kifungue barua pepe yake, na nenosiri lijulikane na viongozi wawili, si mmoja. Nambari ya simu itakayopokea ujumbe wa uthibitisho iwe ya laini ambayo itabaki kwa kikundi hata viongozi wakibadilika. Fundi anaweza kufanya kazi yake yote bila kushika akaunti kuu. Programu kama WordPress humruhusu mwenye tovuti kumfungulia fundi akaunti yake ya pembeni na kuifunga kazi ikiisha. Fundi mwaminifu hatakasirika ukimwomba hivyo. Akikasirika, umepata jibu mapema.

Kama una tovuti tayari, muulize aliyekutengenezea maswali matatu leo: jina limesajiliwa kwa nani, muda wake unaisha lini, na ujumbe wa kukumbusha unatumwa kwa anwani gani? Usikubali kujibiwa "usijali, mimi nipo". Yule wa Qatar pia alikuwepo.

Siwacheki akina mama, maana nami yalinipata. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea uanahabari, nilifungua blogu kwa kutumia barua pepe niliyopewa na chuo. Nilipohitimu anwani ile ikafungwa. Siku niliposahau nenosiri, kila nilipoomba jipya lilitumwa kwenye anwani isiyokuwepo. Blogu yenyewe bado iko mtandaoni. Ina makala moja ambamo nilikosea jina la mzee niliyemhoji, na nimeshindwa kulirekebisha mpaka leo.

Je, ni lazima kulipa? La. Blogger ilianza mwaka 1999, ikanunuliwa na Google mwaka 2003, na hadi sasa unaweza kuanza nayo bila senti. Anayejifunza kuandika aanze huko, na asione haya. Ila ukumbuke kwamba uko kwenye nyumba ya mwenyewe. GeoCities iliwapa watu kurasa za bure tangu miaka ya 1990, na mwaka 2009 Yahoo ikaifunga. Waliokuwa hawana nakala ya maandishi yao walijionea yenyewe yakitoweka.

Kulipa nako hakukuondolei jukumu la kuweka nakala rudufu. Tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika kituo cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, mahali palipohifadhiwa kompyuta zinazobeba tovuti za wateja wake. Jengo moja liliteketea kabisa. Mamilioni ya tovuti yalizimika, na baadhi ya wateja hawakurudishiwa chochote kwa sababu hawakuwa na nakala nyingine, au nakala yao ilikuwa pale pale palipoungua. Kwa mwenye blogu ndogo dawa ni rahisi. Andika makala kwanza kwenye kompyuta au simu, uihifadhi, ndipo uipandishe. Kisha mara moja kwa mwezi pakua nakala ya tovuti nzima uiweke kwenye flashi au kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyo ya kampuni ile ile. Kama unatumia saiba, usiiache nakala kwenye kompyuta ya wenyewe.

Tukiwa bado kwenye jina, neno moja zaidi. Mpigie rafiki simu, umtajie jina la tovuti yako mara moja tu, kisha umwambie aliandike. Akikosea, tafuta jina jingine. Majina yenye tarakimu badala ya herufi na vistari katikati hupendeza machoni, lakini siku utakapohojiwa redioni utatumia dakika nzima kuyaeleza.

Kuzindua duka tupu

Kosa la pili kwa wingi ni kutangaza tovuti kabla haijawa na kitu. Mtu anaweka makala moja yenye kichwa "Karibuni kwenye blogu yangu", anasambaza kiungo kwenye makundi yote ya WhatsApp, jamaa wanafika, wanakuta salamu tu, wanaondoka. Baadaye akiandika makala nzuri kweli, wale wale hawarudi. Nashauri uwe na makala tano au sita zilizokamilika kabla ya kumwambia mtu yeyote. Zoezi hilo pia litakuonyesha kama una la kusema. Wengi huishiwa kwenye ya tatu, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa peke yako.

Mara nyingi anayeishiwa ni yule aliyetaka kuandika juu ya kila kitu: mapishi, siasa, kandanda, mahusiano. Chagua jambo moja unalolijua kuliko jirani yako. Anayewatembeza wageni Kaya Kinondo anajua mambo ambayo mwandishi wa Nairobi hawezi kuyapata kwa siku mbili. Mvuvi wa Gazi anajua samaki gani hupatikana kaskazi na gani kusi. Makala kama hizo zitasomwa hata miaka mitano ijayo, mradi uandike tarehe na mahali. Wengi husahau hata hilo, na msomaji hawezi kujua kama bei ya samaki anayoisoma ni ya mwaka huu au ya zamani.

Na usidhani blogu ya mtu mmoja ni kitu kidogo. Januari 2008, nchi ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake, Kenyan Pundit, akiomba wenye ujuzi wasaidie kuonyesha kwenye ramani mahali ghasia zilipokuwa zikitokea. Kutokana na ombi hilo likazaliwa jukwaa la Ushahidi, ambalo baadaye lilitumika katika nchi nyingi. Aliweza kusikilizwa kwa sababu alikuwa ameandika kwa muda na wasomaji walimwamini.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Matangazo hulipa pale wasomaji wanapokuwa wengi, na wasomaji huchukua miezi mingi, pengine miaka. Anayekuuzia "wasomaji elfu kumi kwa shilingi mia tano" anakuuzia mashine zinazobofya, nazo hazinunui mafuta ya nazi.

Picha

Picha ya simu za siku hizi inaweza kuwa na uzito wa megabaiti nne. Ukiweka kumi kama zilivyo, umemwomba msomaji atumie megabaiti 40 kusoma makala moja. Aliyenunua bando ya megabaiti 100 utakuwa umemmalizia karibu nusu, naye hatangoja picha ya tatu ifunguke. Zipunguze kwanza: upana wa pikseli 1,200 unatosha, na uzito usizidi kilobaiti 200. Kisha ifungue tovuti yako kwa simu ya bei nafuu kuliko zote nyumbani, ukiwa mbali na Wi-Fi. Hapo ndipo utaiona kama wanavyoiona wengine.

Jambo zito zaidi ni picha ni ya nani na imempiga nani. "Nimeitoa Google" si jibu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mpiga picha hata kama hajaisajili picha yake popote. Kuandika jina lake chini si sawa na kupata ruhusa yake. Piga zako, simu unayo.

Lakini hata picha uliyoipiga mwenyewe ina mtu ndani yake, na mtu huyo ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni taarifa yake binafsi, sawa na nambari yake ya simu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuwa ameruhusu. Nazitaja faini hizo kwa sababu kila wiki naona kurasa za wakazi wetu zikiwa na picha za watoto wa chekechea, wagonjwa vitandani, na wafiwa makaburini. Waliozipiga hawakuwa na nia mbaya, hawakuuliza tu.

Kwa mtoto, idhini hutoka kwa mzazi au mlezi, na ni vyema iwe kwa maandishi: jina, tarehe, na picha itatumika wapi. Mtu mzima mweleze kwamba picha itakuwa kwenye intaneti, si "nataka tu kapicha". Akibadili nia baadaye, itoe. Kwenye sherehe za jadi na ndani ya kaya, waulize wazee kabla hujatoa simu mfukoni. Na kama tovuti yako ina fomu ya kujaza, omba unachokihitaji tu. Muuza mafuta ya nazi hana haja na nambari ya kitambulisho cha mteja.

Mwisho ni kuandika tuhuma. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichofanya kuchafua jina kuwa kosa la jinai, na baadhi ya vijana wakaelewa kwamba sasa ni ruhusa kuandika lolote. Aliyechafuliwa jina bado anaweza kukushtaki akidai fidia, na mahakamani utaulizwa ushahidi. Chuoni tulifundishwa kumpigia anayetuhumiwa kabla ya kuchapisha, na kuandika jibu lake hata kama hatulipendi. Sheria hiyo inafanya kazi pia tuhuma zikiwa dhidi ya ofisi za kaunti. Andika, lakini tupigie kwanza, na tukikataa kujibu, andika kwamba tumekataa.

Akina mama wa Msambweni walisajili jina jipya mwezi uliofuata, safari hii kwa jina la kikundi. Jina la zamani halikurudi. Jioni mbili nzima walikaa wakibandika stika ndogo juu ya anwani kwenye lebo zile mia tatu, na mwenyekiti aliniambia stika zenyewe ziliwagharimu zaidi ya ada ya mwaka waliyosahau kulipa. Tarehe ya malipo yajayo sasa imeandikwa kwenye daftari la kikundi, ukurasa ule ule wa zamu za mchango wa mzunguko, kwa sababu huo ndio ukurasa ambao hakuna mwanachama anayesahau kuufungua.