Somo la Lishe: Mbavu za Mbuzi kwa Moto wa Polepole

Kutoka Oldonyiro hadi Sericho, mbuzi ni chakula, akiba na heshima kwa mgeni, na mbavu zake hupendwa sana. Zina faida gani mwilini, na zichomwe vipi ili zisilete madhara?

Faida zake

Gramu 100 za nyama ya mbuzi iliyoiva, bila mafuta, zina takribani gramu 27 za protini. Pia zina zinki, vitamini B12 na madini ya chuma, ambayo husaidia mwili kutengeneza damu. Wanaohitaji chuma zaidi ni mama mjamzito na mtoto mdogo. Kwa hivyo nyama inapogawanywa nyumbani, wasiachiwe mifupa na mchuzi pekee. Mtoto akatiwe vipande vidogo vilivyo laini.

Mbavu zina mafuta mengi kuliko paja. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aondoe mafuta na ale kwa kiasi.

Jinsi ya kuandaa

1. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mapema mwaka 2021, homa ya Bonde la Ufa iliripotiwa katika kaunti yetu. Usichinje, usichune wala usile mnyama mgonjwa au aliyejifia. Kuchoma nyama hakumkingi aliyekwisha kugusa damu yake.

2. Washa makaa, usubiri mpaka miali iishe na majivu yatande. Sogeza makaa kando ili mafuta yasiyadondokee. Moshi wa mafuta yanayoungua huacha kwenye nyama kemikali zinazohusishwa na saratani.

3. Choma kwa saa moja na nusu hadi mbili, ukigeuza mara kwa mara. Mbavu zimeiva nyama inapoachana na mfupa bila kutoa maji mekundu. Kata na utupe sehemu iliyoungua.

4. Kula na kachumbari iliyokamuliwa ndimu, pamoja na mboga za majani. Vitamini C husaidia mwili kupokea chuma. Chai hupunguza chuma hicho, hasa kile cha mboga na nafaka. Isubiri angalau saa moja baada ya kula.

Ukiona uchovu usioisha, kizunguzungu au viganja vyeupe, usitegemee nyama pekee. Fika kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe damu.