Kitunguu Gani kwa Chungu Gani: Kijitabu cha Jikoni kwa Kaya za Katindo

Katika nyumba nyingi za Katindo, Goma, chungu huanza na kitunguu. Maharage, sombe, lengalenga, sambaza, hata wali wa sikukuu, vyote hupita hapo kwanza. Kijitabu hiki ni cha anayeenda sokoni na anayeshika mwiko, awe mama, baba au kijana aliyeachiwa jiko. Kinaeleza kitunguu cha kununua, chungu kinachokifaa, na mahali ambapo kitunguu chenyewe kinaweza kuleta ugonjwa nyumbani.

Kwenye fungu la soko

Kitunguu chekundu ndicho kilichojaa kwenye masoko ya Birere, Virunga na Kituku. Kingi huvuka kutoka upande wa Rubavu, Rwanda, kikipitia Petite Barrière kichwani na mgongoni mwa akina mama wanaofanya biashara ya mpakani. Barabara zikifungwa au mvua zikizidi, bei hupanda na ubora hushuka, kwa sababu kitunguu kilichovunwa kwenye maji hakipati nafasi ya kukauka.

Wachuuzi wanajua kupanga: vinavyong'aa juu, vilivyochoka chini. Omba kwa heshima, "Mama, niruhusu nigeuze," kisha geuza. Kamata kitunguu kimoja na ubonyeze shingo yake kwa kidole gumba. Shingo nzuri imekauka, imebana, na ganda linatoa sauti ya karatasi. Ikibonyea, ujue uozo umeshaanza katikati, ambako jicho halifiki. Tazama na kitako: mizizi mikavu haina neno, lakini ukikuta unyevunyevu na harufu ya kuchacha, kirudishe hata kama umepunguziwa bei.

Unga mweusi chini ya ganda ni kuvu. Ukiwa juu tu, menya tabaka moja au mawili, osha, pika. Ukiwa umeingia ndani na nyama ya kitunguu imelainika, tupa chote. Kukata upande mzuri na kuupeleka chunguni ni kujidanganya.

Ukubwa nao una hesabu yake. Nyumba isiyo na friji inafaidika na vitunguu vidogo vinavyoisha kwa chungu kimoja kuliko jitu moja linalobaki nusu hadi kesho yake. Watu hupenda vikubwa kwa sababu vinapendeza kwenye kikapu. Mimi napendelea vidogo vigumu, japo kuvimenya kunachosha.

Chekundu, cheupe, cha njano

Chekundu ni kikali, na ukali huo ndio unaostahimili kupikwa muda mrefu. Weka kwenye maharage, nyama ya ng'ombe na sombe. Cheupe na cha njano, ambavyo huonekana zaidi kwenye maduka ya vyakula kuliko kwenye mafungu ya chini, huwa na maji mengi na ukali wa wastani. Vinafaa kuliwa vibichi na kupikwa na samaki, lakini kwenye chungu cha saa mbili hupotea.

Rangi inabeba pia kitu cha afya. Vitunguu vyekundu na vya njano vina kwasetini, mojawapo ya kinga ambazo mmea hujitengenezea, na cheupe kina kidogo sana. Kwasetini hujazana kwenye matabaka ya nje, kwa hiyo anayemenya kwa pupa na kutupa matabaka matatu anatupa sehemu bora. Ondoa ganda kavu na ngozi ngumu iliyo chini yake, basi. Kikichemshwa, sehemu ya kwasetini huhamia kwenye maji, nayo hatuipotezi kwa kuwa mchuzi tunaula na bugali.

Tusikipe kitunguu sifa zisizo zake, hata hivyo. Katika gramu 100 za kitunguu cha kichwa, karibu 89 ni maji, na vitamini C haifiki miligramu 10. Hakichukui nafasi ya lengalenga, wala ya matunda.

Kwenye maharage kuna jambo la kufurahisha. Mwaka 2010 watafiti wa Mysore, India, walionyesha kwamba kitunguu na kitunguu saumu huongeza kiasi cha madini ya chuma na zinki kinachoweza kufyonzwa kutoka kwenye nafaka na kunde. Kipimo kilifanyika kwenye vyombo vya maabara, hakikufanyika kwa watu, kwa hiyo mama mjamzito asiache vidonge vyake vya chuma. Lakini kitunguu kwenye maharage tunakiweka hata hivyo, na sababu ya kuendelea ipo.

Puaro na kitunguu cha majani

Puaro huteremka kutoka nyanda za juu, upande wa Kibumba na Masisi, pamoja na kabichi na karoti. Jikoni kwetu ndiyo inayotupwa vibaya kuliko mboga zote: mtu hukata sehemu nyeupe, kisha majani mabichi anayatupia mbuzi. Sehemu ya kijani ndiyo yenye karotini, ile ambayo mwili huigeuza vitamini A ya macho na ya kinga. Ikate nyembamba, itupie kwenye sombe mapema ili ilainike, na isikose mawese kidogo, kwa sababu karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Puaro huficha mchanga katikati ya majani. Ipasue kwa urefu hadi karibu na kitako, ifungue na uioshe tabaka kwa tabaka.

Kitunguu cha majani, ambacho wengine hukiita sibule, kina vitamini C mara mbili na zaidi ya kitunguu cha kichwa, lakini moto huipunguza haraka. Kitie chunguni dakika mbili kabla ya kuepua. Usitupe vitako vyake vyenye mizizi: vichomeke kwenye gunia la udongo pembeni ya ua. Kwetu ardhi ni mawe ya lava na jembe halipiti, ila gunia halina shida hiyo, na majani mapya huchipua ndani ya wiki chache.

Kitunguu saumu ni cha kukoleza. Punje mbili zinatosha familia nzima.

Kitunguu badala ya kube

Hapa ndipo kitunguu kinapoweza kusaidia afya ya nyumba kuliko mahali pengine. Kube, vile vidonge vya mraba vya kukolezea mchuzi, sehemu yake kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyo kwenye mkate, kwenye makayabu na kwenye kube. Chungu kilichotiwa makayabu, kube tatu na chumvi ya mkono huvuka kiasi hicho kabla ya jioni. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, ugonjwa usiouma mpaka siku unapoangusha mtu.

Mchuzi bila kube hupwaya, watoto watalalamika, na wana haki. Ladha inapaswa kutoka mahali pengine, nayo imo ndani ya kitunguu chekundu kilichokaangwa polepole. Kata vitunguu viwili vipande vyembamba. Weka vijiko viwili vya mafuta, tia vitunguu na chumvi kidogo sana, funika. Chumvi hiyo huvuta maji, vitunguu hulainika bila kuungua. Baada ya dakika tano funua na uanze kukoroga. Kwanza vitakuwa laini na vyenye kuangaza, halafu vya rangi ya dhahabu, halafu vya kahawia ya asali, na harufu itabadilika kutoka ukali kuwa utamu. Hapo tia nyanya. Vikigeuka vyeusi vimeungua na mchuzi utakuwa mchungu.

Najua makala ni ghali na dakika 15 za moto zina bei yake. Maharage yakishaiva, mbabula hubaki na makaa yanayofifia; huo ndio moto unaokipenda kitunguu, na haukugharimu faranga ya ziada. Mbabula ikae nje au kwenye mlango ulio wazi. Moshi wa makala una hewa yenye sumu isiyo na harufu, na imeua watu waliolala chumba kimoja nayo.

Wiki ya kwanza punguza kube moja, ya pili nyingine. Ulimi huzoea. Kwa makayabu, loweka usiku, mwaga maji, kisha usiongeze chumvi yoyote.

Kibichi kinahitaji maji safi

Nyama ya mbuzi ya kuchoma bila kitunguu kibichi na pilipili ni karamu isiyokamilika. Nyama imepita motoni, kitunguu hakikupita. Kimekatwa kwenye ubao uleule wa nyama mbichi, kikasuuzwa kwa maji ya bido yaliyotoka ziwani, kikakaa wazi na nzi wakitua. Goma inaijua kolera vizuri mno. Mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi ndani ya wiki chache, na tangu hapo haijaacha kurudi, hasa maji ya bomba yanapokatika.

Ukali wa kitunguu hauui vijidudu vya kolera. Ndimu husaidia kidogo, isitegemewe peke yake. Nyumbani, nawa mikono kwa sabuni, kata kitunguu kabla ya nyama, kioshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa kloro na kuachwa nusu saa, kisha kikae kwenye bakuli lenye mfuniko. Kilichobaki kisilale usiku mezani: kitie kwenye chungu cha jioni. Unapokula nje na huoni maji yanatoka wapi, kula nyama, acha kitunguu.

Kuna kukata bila kulia pia. Mwaka 2002, mwaka uleule Nyiragongo ilipomwaga lava katikati ya mji, watafiti wa Japani walitangaza kwamba kitunguu kina kimeng'enya maalumu kinachotengeneza ile hewa ya machozi pale seli zinapopasuka. Kisu kikali hupasua chache kuliko kisu butu. Acha kitako chenye mizizi mwisho, na usifute macho kwa mkono uliokata.

Si dawa

Maji ya kitunguu yasitiwe machoni wala masikioni mwa mtoto. Kipande kilichowekwa chini ya kitanda hakivuti homa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, huku safari ya kituo cha afya ikianza. Mwenye kiungulia au tumbo la gesi akiona kibichi kinamsumbua, ale kilichopikwa, na kidogo. Mbwa na paka wasipewe mabaki yenye vitunguu, huwaharibu damu.

Kuweka

Tandaza vitunguu kwenye kikapu au wavu unaopitisha hewa, mbali na mvuke wa chungu. Mfuko wa plastiki uliofungwa huvitoa jasho na kuviozesha. Viazi vikae kona nyingine, kwa sababu unyevu wake huvichipuza vitunguu. Kitunguu kilichochipua bado kinaliwa, pamoja na chipukizi lake. Kiazi kilichogeuka kijani hakiliwi, hata njaa iwe kali.