MJI TAJIRI ULIOPUNGUKIWA NA VYOO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

  Mhariri alituomba mwaka huu tuandike na makala za kufunza, siyo mashairi ya mapenzi peke yake. Mimi nimechagua jambo ambalo watu hulitaja kwa kunong'ona, nalo ni choo. Msicheke jamani. Hata mkuu wa shule huenda msalani.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika mdahalo wetu wa muhula wa pili, mzungumzaji mmoja alisema kwamba uchafu wa miji huletwa na maskini, na kwamba mji ukishapata pesa utakuwa safi wenyewe. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Kengele ikalia kabla wapinzani hatujamjibu. Basi hili ndilo jibu langu, na nitalitoa kwa mfano wa mji mmoja wa ng'ambo uitwao San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani.

1. Mji wenyewe

San Francisco ulikua ghafla mwaka 1849, watu walipomiminika California kutafuta dhahabu. Leo utajiri wake hautoki ardhini bali katika kompyuta, manake uko karibu na makao ya kampuni kama Apple na Google. Ndani ya mji lipo jumba la Salesforce lenye orofa 61, lililofunguliwa mwaka 2018. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 mji ulikuwa na wakazi 873,965. Bajeti ya serikali ya mji kwa mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa dola bilioni 14.6. Kwa hivyo hakuna awezaye kusema kwamba mji huu hauna pesa.

Lakini chini ya majumba hayo, hasa katika mtaa uitwao Tenderloin, utakuta watu wamelala kwenye mahema kando ya njia. Utakuta pia sindano za dawa za kulevya na kinyesi cha binadamu. Mwezi wa Januari 2024 mji ulihesabu watu wasio na makao kwa usiku mmoja wakapatikana 8,323. Zaidi ya nusu yao walilala nje au ndani ya magari, hawakuwa hata na kitanda cha hifadhi.

2. Ni nani hao?

Wengi hudhani kwamba watu hao walitoka mbali wakaja kufuata misaada. Walipoulizwa mwaka 2022, takribani 7 katika kila 10 walisema kwamba walipopoteza makao walikuwa wakiishi papo hapo San Francisco. Yaani walikuwa majirani, wakawa wa barabarani.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kodi ya nyumba. Mwaka 2024 nyumba ya chumba kimoja cha kulala iligharimu kama dola 3,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara mjini humo kilikuwa dola 18.67 kwa saa kuanzia Julai 2024. Hebu tupige hesabu. Mtu akifanya kazi saa 8 kwa siku 22 atapata kama dola 3,286 kabla ya kukatwa ushuru. Akishalipa nyumba atakula nini? Akiugua wiki mbili tu, mwenye nyumba yuko mlangoni.

Sababu ya pili ni ya zamani. California ilipunguza na kufunga hospitali nyingi kubwa za wagonjwa wa akili, na mwaka 1967 ikapitisha sheria iliyozuia watu kufungiwa humo ovyo ovyo. Nia ilikuwa njema, kwani hospitali hizo zilikuwa na mateso. Lakini matibabu ya karibu na nyumbani ambayo yangechukua nafasi yake hayakutosha, na wengine wakaishia njiani. Sababu ya tatu ni dawa za kulevya, na siku hizi iko moja kali sana iitwayo fentanyl. Ila tusikosee hapa. Wako walioingia barabarani kwa sababu ya dawa, na wako walioanza dawa baada ya kuingia barabarani.

3. Vyoo vilienda wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Zamani Marekani ilikuwa na vyoo vingi vya kulipia. Unatia sarafu, kufuli inafunguka. Shida ni kwamba wanaume walikuwa na mahali pa kukojoa bure, lakini mwanamke alilipa kila mara. Mwaka 1969 mbunge mmoja wa California, Bi. March Fong Eu, alisimama kwenye ngazi za jengo la bunge mjini Sacramento, akavunja bakuli la choo kwa nyundo kubwa mbele ya watu! Mwaka uliofuata vijana wa mji wa Dayton, Ohio, wakaunda kamati ya kupinga vyoo vya kulipia. Mji wa Chicago ulivipiga marufuku mwaka 1973, na California ikapitisha sheria yake mwaka 1974. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 karibu vyote vilikuwa vimetoweka.

Huo ulikuwa ushindi wa haki, lakini ulikuwa nusu ya kazi. Sheria iliondoa malipo, haikusema nani atajenga na kuosha vyoo vya bure. Wenye vyoo waliondoa kufuli za sarafu, kisha wengi wakafunga milango kabisa. Mwananchi akabaki kutegemea mikahawa na maduka. Hata huko mambo hubadilika. Mwaka 2018 kampuni ya Starbucks iliruhusu kila mtu atumie vyoo vyake bila kununua kitu, lakini mwezi wa Januari 2025 ikatangaza kwamba katika mikahawa yake ya Amerika Kaskazini ni lazima mtu awe mteja. Kampuni ni ya biashara, tena ina haki yake. Lakini asiye na pesa ya kahawa aende wapi? Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

4. Hesabu ndogo

Tuseme watu 4,000 wanalala nje. Mtu mzima huenda haja, ndogo na kubwa, yapata mara 6 kwa siku. 4,000 mara 6 ni 24,000. Sasa tuseme kila mmoja atumie choo dakika 10. Choo kilichofunguliwa saa 12 kitahudumia watu 72. Gawanya 24,000 kwa 72, utapata vyoo zaidi ya 333. Kikiwa wazi saa 24, kitahudumia watu 144, na vyoo vinavyohitajika vitashuka hadi 167.

Hizi ni namba zangu za makisio tu, lakini zinaonyesha mambo mawili. Kwanza, vyoo 20 au 30 ni tone baharini. Pili, kuacha mlango wazi usiku ni sawa na kujenga vyoo mara mbili. Mtu hafungi tumbo lake saa moja jioni kama duka.

5. Uchafu hauna mipaka

Kuna watakaosema, "Hayo ni yao." Hapana. Huko kusini mwa California uko mji mwingine tajiri, San Diego. Kati ya mwaka 2016 na 2018 kulizuka homa ya ini aina ya A. Ugonjwa huu huenezwa na kinyesi kinapofika mdomoni kwa mikono, chakula au maji. Watu 592 waliugua na 20 wakafa, wengi wao wakiwa watu wasio na makao au watumiaji wa dawa za kulevya. Ndipo mji ukaanza kuosha njia kwa maji ya klorini, kuweka sehemu za kunawa mikono, kuchanja watu na kuongeza vyoo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko ukuta ulijengwa kwa roho za watu 20.

6. San Francisco ilijaribu nini?

Ni haki tuseme kwamba mji haukukaa tu. Katika miaka ya 1990 ulipatana na kampuni ya Kifaransa iitwayo JCDecaux. Kampuni iliweka vyoo 25 vinavyojiosha vyenyewe, nayo ikaruhusiwa kutundika matangazo ya biashara barabarani. Vyoo vilikuwa vizuri, lakini baadhi viligeuzwa vyumba vya kudungia sindano. Havikuwa na mtu wa kuviangalia.

Mwaka 2014 lilikuja wazo bora, na lilitokana na watoto wa shule. Watoto wa Tenderloin walilalamika kwamba huruka vinyesi wakienda masomoni. Idara ya ujenzi ya mji ikaanzisha mpango uitwao Pit Stop. Vyoo vya kuvutwa kwa gari viliwekwa mahali patatu mtaani humo, kila kimoja na mhudumu wake anayelipwa mshahara. Mhudumu hubisha hodi mtu akikawia, husafisha, na kando yake pana sanduku la kutupia sindano. Baadhi ya wahudumu ni watu waliowahi kufungwa jela, wakapewa nafasi ya kuanza upya. Baadaye mpango ulienea mitaa mingine, na mwaka 2019 baadhi ya vyoo vilianza kuachwa wazi usiku kucha kwa majaribio. Kumbe dawa ya choo kichafu siyo kufuli, ni mtu!

Mwaka 2018 Meya London Breed aliunda kikosi cha kuzunguka na kuosha kinyesi kabla watu hawajapiga simu kulalamika. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wapiga kura waliidhinisha ushuru mpya kwa kampuni kubwa ili pesa ziwasaidie wasio na makao.

Lakini sikilizeni kioja hiki. Mwaka 2022 wananchi walisoma kwamba choo kimoja katika uwanja wa mtaa wa Noe Valley kingegharimu dola milioni 1.7, na kingekamilika mwaka 2025. Choo kimoja, chumba kimoja! Pesa zingeliwa na vibali, michoro, kamati na gharama za ujenzi. Watu waliwaka kwa hasira. Mwishowe kampuni moja ilijitolea choo kilichoundwa tayari kiwandani, nacho kikafunguliwa Aprili 2024 kwa gharama ndogo zaidi. Ndiyo maana nasema pesa peke yake hazioshi mji.

Mwezi wa Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass kwamba miji ina ruhusa ya kuwaadhibu watu wanaolala mahali pa umma. Baada ya hapo San Francisco ilizidisha kuondoa mahema. Hema likiondolewa njia huonekana safi. Lakini yule mtu bado ana tumbo, na kesho asubuhi atahitaji mahali pa kwenda.

7. Na sisi je?

Nyani haoni kundule, kwa hivyo tusiwacheke Wamarekani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yafaayo na viwango vya kuridhisha vya usafi. Je, haki hiyo imefika sokoni?

Mama yangu huuza mboga sokoni. Choo cha pale ni shilingi 10 kila ukiingia. Akienda mara 2 ni shilingi 20, kwa siku 6 ni shilingi 120, kwa mwezi ni kama shilingi 480. Kwa mwenye gari hizo ni pesa za soda. Kwa mama ni pesa za unga, kwa hivyo yeye hanywi maji tangu alfajiri hadi jioni, jua liwake lisiwake. Wanaume wao huenda nyuma ya ukuta, halafu watu wapite wakisema, "Watu wa soko ni wachafu." Mimi huwauliza, yule mama aliyebana kiu siku nzima ili asichafue ukuta, naye ni mchafu?

Jibu langu kwa mdahalo basi ni hili. Uchafu wa mji hauletwi na umaskini wa mtu, huletwa na mlango uliofungwa. Mji safi huhitaji vitu vitatu: nyumba ambazo mshahara unaweza kuzilipa, vyoo vya karibu vilivyo wazi mchana na usiku, na mhudumu anayelipwa na kuheshimiwa. San Francisco ina utajiri wa kupindukia lakini vitu hivi bado havijawatosha wote. Watoto wa Tenderloin hawakuwa na pesa wala kura, ila walisema wazi shida yao, na wakubwa wakasikia.

Msamiati

Haja: hitaji la mwili la kwenda chooni.
Hifadhi: mahali pa kulala pa muda kwa asiye na makao.
Kima cha chini: malipo madogo kabisa yanayoruhusiwa na sheria.
Kioja: jambo la kushangaza.
Maji taka: maji machafu yatokayo vyooni na jikoni.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kuondoa malipo ya choo hakukutosha kule Marekani?
2. Rudia hesabu ya sehemu ya 4 ukitumia dakika 5 badala ya 10. Vyoo vingapi vitahitajika kwa saa 12, na vingapi kwa saa 24?
3. Katika choo chenye mhudumu na choo kinachojiosha chenyewe, wewe ungechagua kipi kwa soko la kwenu? Toa sababu mbili.
4. Hesabu vyoo vya umma vilivyo kati ya nyumbani kwenu na shuleni. Andika vingapi viko wazi, vya bei gani, na kama kiti cha magurudumu kinaingia. Leta majibu katika mkutano wa kwanza wa chama muhula ujao, tuyaandikie barua ya pamoja kwa mwakilishi wa wadi yetu.