SOMO LA 12: PIGA HESABU KABLA YA KUCHOMEKA



Umeme umefika katika vijiji vingi vya Tanzania. Unatupa mwanga, unasaga nafaka, unapasha pasi. Lakini umeme ukitumiwa bila hesabu huweza kuunguza nyumba. Hesabu zake si ngumu. Ukijua kuzidisha na kugawanya, unaziweza.

Maneno manne

Fikiria tangi la maji lililo juu ya mnara. Maji husukumwa chini kwa bomba. Umeme nao husukumwa ndani ya waya.

1. Volti hupima msukumo wa umeme. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230.
2. Ampea hupima mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita.
3. Omu hupima ukinzani. Bomba jembamba huzuia maji. Waya mwembamba nao huzuia umeme.
4. Wati hupima nguvu ambayo chombo kinatumia.

Hesabu zenyewe

Volti × ampea = wati
Volti ÷ ampea = omu

Hesabu ya pili hutokana na Kanuni ya Ohm. Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1827.

Tuseme pasi yako hutumia ampea 5.
Nguvu: 230 × 5 = wati 1150
Ukinzani: 230 ÷ 5 = omu 46

Tuseme jiko lako la umeme hutumia ampea 10.
Nguvu: 230 × 10 = wati 2300
Ukinzani: 230 ÷ 10 = omu 23

Linganisha. Ukinzani wa jiko ni nusu ya ukinzani wa pasi. Mkondo wake ni mara mbili. Ukinzani ukipungua, mkondo huongezeka.

Ndiyo maana tunaonywa tusishike swichi kwa mikono yenye maji. Ngozi iliyolowa ina ukinzani mdogo kuliko ngozi kavu. Umeme mwingi zaidi hupita mwilini, na mtu huweza kufa.

Hatari ya kuchomeka vyombo vingi

Ukichomeka jiko na pasi katika ekstensheni moja, jumlisha: 10 + 5 = ampea 15.

Plagi nyingi za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13. Ekstensheni nyingine hubeba chini ya hapo. Soma maandishi yake. Ampea 15 zimezidi. Waya hupata joto, mpira wake huyeyuka, na moto huweza kuwaka.

Fyuzi ni mlinzi wako. Mkondo ukizidi sana, huungua yenyewe na kukata umeme. Ikiungua, weka fyuzi nyingine ya kipimo kilekile. Usiweke kipande cha waya wala msumari. Ukifanya hivyo umemfukuza mlinzi.

Maliza kupika, chomoa jiko, ndipo uchomeke pasi.

Maswali

1. Fyuzi ina kazi gani?
2. Chombo kinatumia ampea 2 kwa volti 230. Nguvu yake ni wati ngapi? Ukinzani wake ni omu ngapi?
3. Vyombo vingi huandikwa wati tu. Ili kupata ampea, gawanya wati kwa volti 230. Birika limeandikwa wati 1840. Linatumia ampea ngapi?
4. Je, birika hilo na jiko la ampea 10 vinaweza kuchomekwa pamoja katika ekstensheni yenye fyuzi ya ampea 13? Eleza kwa nini.