Huduma au fankisheni tupu?

Swali: Tunajenga duka la mtandaoni kwa Angular. Mwenzangu kila kitu anakifanya huduma, hata kugeuza namba ya simu. Yuko sahihi?

Jibu: Hapo amezidisha. Kugeuza namba inayoanza na 07 ianze na 2557 hakuhitaji kumbukumbu wala seva: unaingiza maandishi, unatoa maandishi. Andika fankisheni ya kawaida kwenye faili lake. Hata kuijaribu ni mstari mmoja tu.

Kikapu cha mteja ni habari nyingine. Mtu akiongeza kilo mbili za sukari, ile namba ndogo juu ya skrini lazima ibadilike papo hapo. Hiyo ni huduma: ukiisajili kwenye ngazi ya juu ya programu, Angular huunda nakala moja na kurasa zote huitumia hiyohiyo. Vivyo hivyo malipo, maana wakati wa majaribio utataka kuweka ya bandia mahali pake, usije ukamtoza mtu hela kweli.

Kuna mtego mmoja: fankisheni ya kuangalia kama ofa imeisha. Inaonekana safi, kumbe ndani inasoma saa ya kompyuta, na jaribio lililofaulu leo linafeli kesho. Mimi sikimbilii huduma. Naipa tarehe kama kigezo, basi.